Giaboksi ya Otomatiki: Tuifungue Wenyewe Nyumbani?



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya kwisha habari za majamvi na za njia ya kuendea mashambani, lilizuka shauri ambalo halikuwamo katika orodha ya mazungumzo, nalo likatuchukua mpaka adhana ya alasiri. Shauri lenyewe ni hili: mwanachama ambaye giaboksi ya otomatiki ya gari yake imekufa, je, aifungue na kuitengeneza mwenyewe nyumbani pamoja na vijana wake, au asithubutu? Mabwana wengine walitaka Chama kitoe fedha za mfuko kinunue vifaa vya kazi hiyo, vizunguke kwa wanachama kama inavyozunguka mizani yetu. Wengine walicheka. Mwenyekiti aliona nimekaa kimya nikiandika tu, akanitaka nitoe rai yangu katika ukurasa huu.

Wako watakaouliza jambo hili lahusu nini karafuu. Lahusu sana. Gari tulizo nazo leo nyingi ni za mtumba kutoka Japani, na huko Japani watu wameacha zamani kukanyaga klachi, kwa hiyo tupende tusipende tumeletewa otomatiki. Gari hizo ndizo zinazochukua wachumaji alfajiri, zikarudisha karafuu mbichi jioni, na mwisho zikapeleka magunia kituoni. Karafuu haimngoji fundi. Kikonyo kikikomaa lazima kichumwe kabla ua halijafunguka, na ikishachumwa haifai kulala rundo ndani ya gunia, kwani itapata joto, itachacha na kugeuka nyeupe nyeupe, na kila mmoja wetu anajua mnunuzi hufanya uso gani akiiona karafuu ya namna hiyo. Basi giaboksi ikifa katikati ya msimu, kinachopotea si gari peke yake.

Ili tusizungumze gizani, nieleze kwanza kitu chenyewe ni nini. Motokaa ya kwanza kuuzwa kwa wingi yenye giaboksi ya otomatiki kamili ilikuwa Oldsmobile ya Marekani. Giaboksi yake ikiitwa Hydra-Matic, nayo ilitangazwa mwaka 1939 kwa gari za mwaka 1940. Lakini asili ya kile kinachoitwa konveta ni ya baharini: alikibuni Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905, akitaka kuunganisha injini ya meli na rafadha yake. Nimeona nilitaje hilo kwa sababu sisi watu wa visiwa hudhani kila kitu cha gari kimetoka bara.

Konveta ni kama pangaboi mbili zinazoelekeana. Washa moja, na ile ya pili, ingawa haikuwashwa, itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Katika konveta kinachosukuma si upepo bali ni oili. Ndiyo maana gari ya otomatiki yaweza kusimama na gia imo ndani, injini isizime. Nyuma ya konveta ziko gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati kama sayari zinavyolizunguka jua, na hizo hushikwa na kuachiwa kwa pleti za klachi. Pleti hizi hupangwa moja ya chuma kitupu, moja yenye ngozi ya namna ya karatasi ngumu, tena ya chuma, tena ya karatasi, na oili yenye nguvu ikija nyuma yake huzibana pamoja. Chini kabisa, juu ya sampu, ipo vali bodi, nayo ndiyo akili ya giaboksi: kipande cha aluminiamu kilichochimbwa njia nyingi za oili, ukikitazama utadhani ramani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Ndani ya vichochoro hivyo mna vali, springi, na vijipira vya chuma vidogo kama punje ya mtama au mkubwa wake. Katika gari za siku hizi huongezwa solenoidi, ambazo hupokea amri ya umeme kutoka katika kompyuta ya gari.

Sasa, wanaosema tuifungue nyumbani si wajinga, wala hoja zao si za kuchekwa kama walivyochekwa siku ile. Husema kwamba mafundi wanaoijua kweli giaboksi ya otomatiki ni wachache, na kwamba wengi wa hao wachache wako ng'ambo ya bahari, Unguja au Dar es Salaam, na kuipeleka kwao ni nauli ya gari, ya chombo, na ya mtu wa kuifuata. Husema pia kwamba fundi humtengenezea mtu giaboksi asiyoiona ikifunguliwa. Mwanachama mmoja alipeleka yake karakana moja, ambayo sitaitaja, akalipa, akarudishiwa, na mwezi haukwisha ikawa vile vile. Alipoifungua akakuta pleti ni zile zile za zamani, zimepanguswa tu. Maneno haya ni kweli na yanauma. Tena leo seti kamili ya sili, gasketi na pleti huuzwa katika boksi moja, na picha za kazi yote zimo katika simu za mikononi. Kijana aliyesoma skuli na anayeweza kupanga vitu kwa utaratibu, kwa nini asiweze?

Mimi nasema aweza. Sikubaliani na wale wanaodhani kazi ya mashine ni siri ya kabila fulani la watu. Lakini kuweza ni jambo moja, na kufanya hivyo kwa gari inayolisha nyumba, katika mwezi wa kuchuma, ni jambo la pili. Na kabla ya yote mawili liko la tatu ambalo mkutanoni halikutajwa hata na mmoja: je, tuna yakini kwamba giaboksi yenyewe imekufa?

Hapa ndipo ningependa wanachama wakae kidogo. Giaboksi nyingi zinazohukumiwa kifo hazijafa, zina kiu. Otomatiki yote huendeshwa kwa nguvu ya oili, na oili ikipungua, gia itachelewa kushika, gari itanguruma bila ya kwenda, au rivasi itakataa, dalili zile zile za giaboksi iliyoungua. Na kupima oili hii si kama kupima ya injini. Katika Toyota nyingi zenye dipstiki, hupimwa gari ikiwa mahali sawa, imekwisha kupata moto wa safari, injini inanguruma, na baada ya kupitisha gia katika kila herufi kisha kuirudisha P. Anayepima asubuhi injini imezimwa hapimi kitu. Gari nyingine za karibuni hazina dipstiki kabisa, nazo zina njia yake ya kupimwa kwa kifuniko cha chini; hizo aachiwe anayejua.

Ukichomoa dipstiki, itazame na uinuse. Oili mpya kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia nzito na inanuka kama kitu kilichoungua, pleti zimeungua, na kubadili oili peke yake hakutazirudishia ngozi yake. Ikiwa imekuwa kama maziwa yaliyotiwa sharubati, basi maji yameingia, na aghalabu yametoka katika rejeta, kwa sababu oili ya giaboksi hupozwa ndani ya bomba lililomo katika rejeta, na bomba likitoboka maji na oili huoana. Hapo usiiendeshe hata hatua moja, maana maji huibandua ile ngozi ya karatasi katika pleti. Lakini ikiwa oili ni nyekundu na safi na gari haishiki gia, basi tafuta kwanza vitu vyepesi: kebo ya gia iliyolegea, waya uliokatwa na panya, filta iliyoziba, solenoidi moja iliyokwama. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na baadaye, taa ya O/D OFF ikianza kupepesa yenyewe, kompyuta inakwambia imeona kosa, na kosa hilo husomwa kwa mashine ya kupimia gari. Solenoidi katika gari nyingi hubadilishwa kwa kuteremsha sampu tu. Kazi hiyo, na ya kubadili filta na oili, na ya kusafisha bomba za kupozea, naiona ni kazi ya nyumbani kabisa, wala hatuhitaji mkutano kuijadili.

Tena aina ya oili lazima iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari au juu ya dipstiki. Toyota peke yake ina ya T-IV na ina ya WS, nazo hazichanganywi ovyo. Na zile gari zisizo na gia za hatua bali zina mkanda wa chuma na puli mbili, zinazoitwa CVT, zina oili yake mbali, na ukizitia ya otomatiki ya kawaida umeziua kwa mkono wako. (Msomaji anayependa mambo ya bahari atastaajabu kusikia kwamba mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 oili za otomatiki zilikuwa zikitiwa mafuta ya nyangumi, mpaka Marekani ilipopiga marufuku biashara yake, na viwanda vikahangaika kutafuta badala yake.)

Na tuache kuziua wenyewe. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu haifanyi kazi na hakuna oili inayopita. Kwa hiyo kuifunga kamba gari ya otomatiki na kuiburura safari ndefu, matairi yanayozungusha giaboksi yakiwa chini, ni kuizungusha kavu. Nimeona ikifanywa hivyo msimu baada ya msimu, kisha wenyewe wanashangaa kwamba gari iliyokuwa na ubovu wa betri sasa ina ubovu wa giaboksi. Kwa sababu hiyo hiyo otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata wakisukuma wachumaji wote. Na katika vilima vyetu vya Pemba, ukiwa na magunia, weka 2 au L mapema, wala usiiache konveta ihangaike katika gia ya juu, kwani joto ndilo adui mkubwa wa kitu hiki.

Tuseme basi yote yametazamwa na hukumu imetoka: pleti zimeungua. Nani aifungue, na wapi?

Kuishusha tu ni kazi. Giaboksi hizi zina uzito wa mtu mzima, nayo hushushwa na mtu aliyelala chini yake. Nimeona gari zimeinuliwa kwa jeki moja na magogo ya mnazi. Hili sitalizungumza kwa upole: gogo la mnazi si stendi, na jeki peke yake si stendi, na hakuna giaboksi yenye thamani ya kifua cha mtoto wa mtu. Asiyekuwa na stendi nne za chuma na sakafu ngumu asiinue gari.

Ikishashuka, kinachotakiwa kuliko spana ni usafi. Vali za ndani ya vali bodi hucheza katika nafasi nyembamba mno, hata uzi mmoja wa kitambaa cha pamba unatosha kuikwamisha moja. Kwa hiyo kupangusa kwa kipande cha kanga, kama tulivyozoea, hakufai. Husafishwa kwa dawa na kukaushwa kwa upepo wa kompresa. Sasa fikiri ua wa nyumba ya mkulima wa karafuu katika msimu: vumbi, makonyo, kuku, watoto wanaokimbia. Kile kijipira kimoja cha chuma kikidondoka katika makonyo, kitafute mpaka Idi. Na ukikikosa, au ukikirudisha katika tundu lisilo lake, giaboksi itafungwa vizuri, itapendeza, na gia moja haitaingia.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni karafuu zenyewe. Ua ndipo tunapoanikia. Karafuu hushika harufu, nasi tunajua jinsi gunia moja lililokaa karibu na mafuta ya taa linavyoweza kukataliwa. Oili ya giaboksi iliyoungua ina harufu isiyosahaulika, na ikimwagika hutoka lita nyingi. Sakafu iliyolowa oili hiyo haitaanikwa kitu tena mwaka huo. Hata kama ningekuwa sina hoja nyingine, hii ingenitosha kusema: si nyumbani, si pale tunapoanikia. Wala isimwagwe mtoni au katika shina la mti. Itiwe katika dumu.

Liko na jambo la konveta. Pleti zikiungua, unga wake huenda na oili kila mahali, na mwingi hukaa ndani ya konveta na katika bomba za kupozea. Konveta imechomelewa kwa umeme pande zote, haifunguliki kwa spana. Kuifungua ni kuikata kwa mashine, kuitia sili mpya, kuichomelea tena na kuipima isiyumbe. Hakuna mwanachama wetu mwenye mashine hiyo. Kwa hiyo anayejenga giaboksi mpya kisha akairudisha konveta ya zamani na bomba chafu, ameurudisha ugonjwa ndani ya mwili uliopona. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya zile kazi za nyumbani zinazodumu wiki mbili kisha zikaharibu jina la aliyezifanya.

Na aliyefanya yote sawa aweza bado kuharibu katika saa ya mwisho. Konveta lazima iingie mpaka ndani kabisa, ishike meno ya pampu, na unapoizungusha utaisikia ikidondoka hatua kwa hatua. Isipoingia, kisha mtu akavuta giaboksi na injini pamoja kwa kukaza bolti, pampu huvunjika pale pale. Mzee mmoja wetu alisema mkutanoni kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Ni kweli, na nyenzo za kazi hii ni pamoja na fila geji ya kupimia nafasi ya pleti, chombo cha kubana zile springi za ndani zisimrukie mtu machoni, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa sababu bolti za vali bodi katika Toyota nyingi hazitaki zaidi ya nyutoni-mita 10 hivi, nguvu ambayo mkono uliozoea nati za tairi hauijui. Na pleti mpya hulazwa kwanza ndani ya oili zikanywa, wala hazifungwi kavu.

Rai yangu, basi. Katika msimu wa kuchuma asiifungue mtu giaboksi ya gari anayoitegemea. Anunue nzima ya mtumba, iliyotoka katika gari ya namna ile ile, na namba za kibati cha gari katika mstari wa TRANS/AXLE zilingane, na aitie filta na oili mpya kabla haijapandishwa, na asafishe bomba. Kushusha na kupandisha kwaweza kufanywa na vijana wetu chini ya mtu mzima mmoja aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Ni ghali, sikatai. Lakini asihesabu bei ya giaboksi peke yake; ahesabu pishi zitakazolala shambani kila siku ambayo gari imo juu ya stendi.

Ile iliyokufa asiiuze kwa chuma chakavu. Hiyo ndiyo ya kujifunzia. Ifunguliwe karafuu zikishakwisha kuuzwa, katika chumba kilichofagiliwa, na kila sehemu ipigwe picha kabla haijatoka mahali pake. Ikiharibika haijaharibu riziki ya mtu, na ikifaulu ni akiba ya msimu ujao. Ziwe ni zile za zamani za gia nne, ambazo sehemu zake zinapatikana na zimeenea. CVT tusiiguse.

Juu ya fedha za mfuko, sikubali tununue sasa vifaa vyote vilivyotajwa. Ningependa Chama kinunue kwanza stendi nne nzuri, mashine moja ya kusomea makosa, na geji ya kupimia nguvu ya oili, kwa kuwa vitu hivi vitatu vitamfaa mwanachama ambaye giaboksi yake haijafa, na hao ndio wengi. Vya kufungulia vije baadaye, tukiona vijana wamedumu. Najua Mweka Hazina ana maoni mengine, naye ana haki ya ukurasa huu katika toleo lijalo.

Kamati italizungumza jambo hili katika kikao chake kijacho. Wenye rai nyingine waniletee kwa maandishi, si kwa kunisimamisha barabarani. Na wazazi wenye vijana wanaotaka kujifunza wanipe majina yao. Mwanachama mmoja wa upande wa Wete amekwisha kujitolea giaboksi yake iliyokufa. Imo ghalani, imefunikwa turubai, na ufunguo ninao mimi. Haitaguswa mpaka gunia la mwisho la mwaka huu limekwisha kupimwa.

Katibu